Samaki wa Haroub

Madoa meupe yalianza mkiani Jumamosi, madogo kama punje za chumvi. Kufika Jumatatu yalikwisha kumwenea samaki mwili mzima, akawa anajisugua kwenye mawe, kisha anatulia chini ya tangi akihema.

Zuleikha hakuwa mpenzi wa samaki. Aliyempenda samaki huyo ni mumewe, Haroub. Tangu apigwe na kiharusi, miezi mitano sasa, Haroub hakutamka neno. Wageni wakija kumjulia hali, yeye hawaangalii. Watoto wakipiga simu kutoka Maskati, hageuzi uso. Samaki tu ndiye ambaye Haroub alimfuata kwa macho, kutwa. Zuleikha akaona wagonjwa wake ni wawili, na mmoja akiondoka hajui wa pili atashikilia nini.

Alimpigia mpwa wake Mudrik, anayefuga samaki kwake Bububu.

"Shangazi, mbadilishie maji kidogo kidogo. Usitie ya bomba papo hapo, yalaze kwenye ndoo kwanza. Tia na chumvi ya mawe. Na pampu ya hewa usiizime."

"Chumvi nshatia, mwanangu. Mbona hali chakula?"

"Vuta subira. Madoa hayatoki siku moja."

Jumatano mchana umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, na samaki akapanda juu akitweta kwa mdomo. Zuleikha akachukua kikombe, akawa anachota maji na kuyamimina kutoka juu, yapate hewa. Alichota mpaka mkono ukafa ganzi, akahamishia wa kushoto. Alikwenda kusali laasiri mbio mbio, akarudi. Samaki kalala ubavu. Akamwinua kwa kiganja, ndani ya maji, akamsimamisha.

"Usinifanyie hivi," alisema, machozi yanamtoka.

"Mwache."

Aligeuka. Kitandani, Haroub alikuwa akimtazama yeye, si tangi. Mdomo umempinda, mate yanamchuruzika.

"Mwache, Zule."

Sauti ile aliiomba kwa Mungu kila alfajiri. Imekuja leo, nayo inamtaka aache.

"Simwachi! Wala wewe sikuachi, unanisikia?"

Haroub akafumba macho.

Samaki alikufa kiganjani mwake kabla ya magharibi. Zuleikha alikausha mikono, akaketi kitandani, akamfuta mumewe mate. Akamuuliza kama ana kiu. Akamuuliza kama anamjua. Akamwomba alitaje tena jina lake, mara moja tu. Alimwomba mpaka chumba kikaingia giza.