Mgeni wa Kitufe cha Kulia

Usiku wa jana niliota nimekaa ndani ya kompyuta ya mjukuu wangu Mwanahawa, nasuka ukili wa mkeka. Sikushangaa. Palikuwa na mwanga mzuri na sakafu haina vumbi.

Nieleze kwanza. Mwanahawa ametutengenezea wanawake wa kikundi cha mikeka mahali petu mtandaoni, kila mkeka na picha yake. Alitaka ukiweka kishale juu ya mkeka, ukabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, ifunguke menyu yetu wenyewe, ya Kiswahili, herufi kubwa: Nani kausuka. Badili rangi. Usiuze bado. Lakini kila akibonyeza inafunguka ile iliyokuja na mashine, ya Kizungu, ambayo sisi hatujui hata neno. Na asubuhi wenzangu walikuwa wanakuja kuona. Bi Mkasi, mmoja wao, alishasema ikikataa anarudisha mikeka yake kwa mchuuzi, yule anayeiuza bila kutaja majina yetu. Mwanahawa alilala bila kula.

Basi nipo mle ndani. Nasikia ta, kitufe cha kulia. Papo hapo hodi inapigwa.

"Karibu," nasema.

Anaingia mzee mrefu, mwembamba, kavaa kijivu, maneno ya Kizungu yamejipanga kifuani kama vifungo. Ni ile menyu iliyokuja na mashine.

"Nimeitwa," anasema.

"Umekula?"

"Sijawahi kuulizwa."

Namkalisha, nampa uji. Ta, tena. Hodi. Anaingia yule yule mara ya pili, na wa kwanza bado anakunywa. Naye nampa uji. Ta. Anaingia wa tatu, anawaamkia wenzake, wanajuana.

Nyuma yao, mlangoni, kasimama msichana mwenye maneno yetu kwenye gauni. Ni menyu ya Mwanahawa.

"Pita, mwanangu."

"Sipiti, Bibi. Kanuni inataka mzee azuiwe kwanza, ndipo mimi nifunguke."

Kipanya kikatoa kichwa chini ya mkeka. "Mfukuze. Mjukuu wako kaandika kila kitu ila hilo."

"Nyumba hii haifukuzi mgeni."

"Basi Bi Mkasi na achukue mikeka yake."

"Na wewe nani kakuuliza? Mkia mrefu, adabu fupi."

Mara nyumba si nyumba tena. Ni ukingo wa skrini, tumeukalia kama baraza. Wazee wamezidi, wa mwisho kasukumwa pembeni hadi nusu yake inaning'inia nje. Neno moja linamdondoka kifuani, linapotelea chini.

"Lilikuwa la kuchapisha," anasema. "Halina wa kulibonyeza."

Nikamtazama msichana. Maneno yalikuwa yanafutika gaunini. Nani kausuka limebaki Nani. Hapo ukili ukaniponyoka mkononi.

Nikasimama. "Baba," nikamwambia mzee, "uji umekwisha. Twende nikusindikize."

Wote wakasimama kwa pamoja. Sasa tuko njiani, majani yanafika magotini. Kila tukipiga hatua wanaingiana, mmoja ndani ya mwingine kama mkono ndani ya koti, mpaka nabaki na mzee mmoja nimemshika kiwiko.

"Mimi huja kila ninapoitwa," anasema. "Wakinichoka wanabonyeza pembeni, nafungika. Hakuna aliyewahi kunifikisha njiani."

"Nashukuru ulivyotushikia zamu. Kwingine endelea kwenda. Kwetu sasa yupo wa kupokea."

"Ndilo tu nililokuwa nangoja kuambiwa. Ahsante, mama."

Akaenda zake bila kugeuka. Nyuma yangu nikasikia ta. Hodi haikupigwa. Msichana akafunguka pale pale penye kishale, maneno yake yote yametimia.

"Ahsante, Bibi."

"Mshukuru aliyekuandika," nikasema. "Wengine wakisoma, hurudi wakatusomea. Yeye katuandikia tusome wenyewe."

Nikaamka. Mwanahawa kakaa mbele ya mashine.

"Bibi, imekubali. Na sijagusa kitu."

"Alhamdulillahi. Kula sasa."

Wenzangu wakaja. Bi Mkasi akabonyeza kulia juu ya mkeka wake, akasoma kwa kidole, "Na-ni ka-u-su-ka." Akabonyeza hapo. Likatokea jina lake. Akalisoma nalo.

"Haya," akasema. "Mchuuzi na atafute pengine. Na hii rangi inabadilishwaje?"

Mwanahawa akainuka kumpisha, akanitazama miguuni.

"Bibi, pindo la kanga yako limejaa vishonanguo vya porini. Umevitoa wapi, na uani kwetu ni saruji tupu?"

Nikainama, nikaanza kuvibandua kimoja kimoja.

"Nilikuwa na mgeni," nikamwambia.