Jani la Mama Shuka

Chumba cha kufulia cha hoteli kilikuwa chini kabisa ya jengo, na katikati ya sakafu yake ulipita mfereji wa kutolea maji machafu. Upande mmoja zilinguruma mashine za kufua. Upande wa pili ilikaa pasi kubwa ya mvuke, mabapa mawili ya chuma, la chini limetulia, la juu likishuka mtu akikanyaga pedali. Mwenye pedali alikuwa Mama Shuka. Aliyesimama ng'ambo yake alinyoosha shuka kwa viganja, kisha akatoa mikono.

Zamani pasi hiyo ilikuwa na kinga, wavu wa chuma uliozuia bapa la juu lisishuke mkono wa mtu ukiwa ndani. Bosi aliamuru ing'olewe kwa sababu ilichelewesha kazi. Iliegemezwa ukutani nyuma ya madumu ya sabuni, na kila aliyekwenda kuchota sabuni aliiona.

Mwaka uliopita Mama Shuka alikanyaga pedali mkono wa kulia wa wifi yake ukiwa bado juu ya shuka. Vidole vitatu viliungana wakati wa kupona, vikabaki hivyo. Wifi alikuwa dada wa mumewe, na waliishi nyumba moja. Hakumlaumu. Kazini alihamishiwa kwenye kukunja taulo, na nyumbani aliendelea na utani wake wa siku zote.

"Sema ukweli, ulitaka kunipiga pasi nitoke sina hata kunyanzi moja," alimwambia wakiwa jikoni.

Mama Shuka alicheka, kisha akaenda kulia bafuni. Iliuma, na utani ndio uliozidi kuuma.

Tangu ajali ile moyo wake ulikwenda mbio kila alipousogeza mguu kwenye pedali. Akaanzisha utaratibu wake mwenyewe. Kabla ya kukanyaga aliita, "Mikono!" na mwenzake mpya, mwanamume waliyemwita Mrefu, aliinua yote miwili akajibu, "Ninayo!" Bila jibu hakanyagi ng'o. Kazi ilipungua kasi kidogo, na sauti zao zilipanda kwenye bomba la hewa hadi mapokezi, wageni wakawa wanauliza kuna nini huko chini. Ndipo Bosi alipoleta mwalimu wa utulivu.

Wafuaji walimpa mwalimu jina la Dada Pumzi. Alikuwa mpole kwelikweli, si wa kuigiza. Aliwaketisha kando ya mfereji kila asubuhi kabla ya kazi, akawafundisha kuvuta pumzi hadi tumboni na kuiachia taratibu.

"Wazo likija usipigane nalo," aliwaambia. "Litazame, liweke juu ya jani, liache liende na maji."

Walifumba macho. Walipoyafumbua, mfereji ulikuwa umejaa majani.

Yalikuwa mabichi na mapana, ya mti ambao hakuna aliyeujua. Yalikwenda na maji hadi kwenye chujio la mwisho yakaziba, na maji yakapanda hadi vifundoni. Bosi alimtoa Wifi darasani akampa reki ayazoe, akisema mkono wa kushoto unatosha kwa reki. Ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi. Kwa hiyo Wifi hakupata nafasi ya kuweka chochote juu ya jani.

Utulivu ulikuja, hilo lisemwe. Mzee wa mashine za kufua alipata usingizi ambao hakuwa ameupata tangu amzike mkewe. Mrefu aliacha kutafuna kucha. Hofu ya Mama Shuka ilikawia kutoka, na ilipotoka, jani lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Alilitazama likienda, akahisi kifua kimefunguka. Jioni hiyo alikula akiwa ameketi mbele ya mkono wa Wifi, na chakula kikapita. Mtu aliyeteseka hivyo alistahili kupumzika, na hakuna wa kumnyima.

Wifi alipoliokota jani hilo, mguu wake wa kulia uliinuka wenyewe kutoka sakafuni. Akaliweka chini, mguu ukashuka. Akamwita Dada Pumzi, naye alipolishika akajikuta amesimama kwa mguu mmoja.

"Hili la nani?"

"La wifi yangu. Anaogopa kukanyaga pedali mtu asije akaungua."

Dada Pumzi alikwenda nyuma ya madumu, akaitazama kinga, akamfuata Bosi.

"Hofu hii ina sababu yake," alisema. "Mngerudisha ule wavu..."

"Dada yangu, wewe nimekuleta kwa ajili ya mioyo. Mashine zina wenyewe."

Dada Pumzi alirudi kwenye darasa lake. Naye alihitaji kazi. Wifi alilifunga lile jani ndani ya taulo, akaliweka kwenye rafu yake.

Hakuna aliyeamua kuacha kuita. Kwanza Mama Shuka aliita kwa sauti ya chini, baadaye akawa anatikisa kichwa tu, mwisho hata hilo likaisha. Shuka zilitoka haraka. Mapokezi palikuwa kimya.

Asubuhi moja Mrefu alikuwa bado ananyoosha kona ya shuka Mama Shuka alipokanyaga. Bapa lilishuka juu ya mikono yake yote miwili. Mrefu hakupiga kelele. Alivuta pumzi hadi tumboni.

"Naona maumivu," alisema kwa upole. "Nayaacha yapite."

Mama Shuka alimsikia. Aliyatazama maneno hayo kama alivyofundishwa, mguu ukiwa palepale, na mferejini likaonekana jani jipya. Wifi ndiye aliyeijua ile harufu ya ngozi inayoungua. Alitupa taulo, akaja mbio, akampiga Mama Shuka kikumbo hadi akadondoka kutoka kwenye pedali, na bapa likainuka.

Mrefu alipelekwa hospitali akiwashukuru waliombeba. Bosi alisema angalau safari hii wageni walimaliza kifungua kinywa chao bila kusumbuliwa.

Mama Shuka aliketi juu ya dumu la sabuni, mgongo ameuegemeza kwenye kinga.

"Wifi, nimemuunguza mtu na sisikii kitu. Najua napaswa kulia, na kilio hakiji."

"Kitakuja."

"Nirudishie jani langu. Najua unalo."

"Ukilichukua hutalala tena, mwenzangu."

"Nirudishie, nakuomba."

Wifi alilitoa ndani ya taulo. Lilikuwa bichi bado. Mama Shuka alilitia mfukoni mwa aproni, na mguu wake wa kulia ukainuka, moyo ukaanza kwenda mbio. Kilio kikaja chote kwa pamoja, cha Mrefu na cha mwaka uliopita. Wifi alimkumbatia hadi kikaisha, kisha wakaenda kuanua shuka.

Chujio la mfereji lilibadilishwa, likawekwa lenye matundu makubwa zaidi ili majani yapite bila kuziba. Masomo yaliendelea. Mama Shuka aliachwa nje ya darasa kama mtu asiyefundishika. Na kwa kuwa watu walipungua, Bosi alimrudisha Wifi kwenye pasi, kwenye nafasi ya Mrefu. Kinga ilibaki nyuma ya madumu.

Siku ya kwanza walitandika shuka wakatazamana. Jani lilikuwa mfukoni, na mguu wa Mama Shuka ulining'inia juu ya pedali, haukubali kushuka.

"Mikono!" aliita, na sauti ikapanda kwenye bomba la hewa.

Wifi aliinua yote miwili.

"Ninao mmoja na nusu!"

"Hiyo nusu siioni vizuri. Inua."

Wifi aliinua zaidi, mpaka vile vidole vilivyoungana vikapita juu ya kichwa chake. Ndipo mguu ukashuka.