Kilo Tisini na Mbili

Uwera alipachika uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ndani ya bawa la droni walilokuwa wakilitengeneza kwenye karakana kule Gahanga. Bawa lenyewe lilikuwa la nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Mwanga uliopita kwenye uzi ule ulirudi na habari: wapi bawa limelemewa, wapi limeumia ndani hata kama juu linang'aa.

Mwenye karakana, mzee Gakwaya, hakuamini. Yeye aligonga mabawa kwa sarafu na kutega sikio.

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, Uwera alitazama kompyuta akashtuka. "Mzee, bawa limeumia hapa katikati."

Gakwaya akalipapasa. Hakuna hata mkwaruzo. Akaligonga. "Mlio safi! Bawa hili ni zima kabisa!"

"Saa saba na dakika kumi lilibeba mzigo, kilo tisini na kitu. Mzigo ukanyanyuka, halafu ukatua tena kwa kishindo."

Mzee akawaka. Mtu amekalia bawa lake! Akamwita Habumugisha, mlinzi, na Spéciose, mpishi. Wote wakakana. "Basi leteni mizani ya dukani!"

Habumugisha, sitini na tatu. Uwera, hamsini na nne. Spéciose alivua viatu, akavua na kitenge cha juu, akapata sabini na moja. Kisha wote watatu wakamgeukia Gakwaya.

"Oya, hapana! Mimi nilikula kwenye benchi, ile yenye shuka la bluu."

"Benchi iko nje tangu asubuhi, mzee," Spéciose alisema. "Niliitoa nikaioshe."

"Kwa shuka la bluu nilifunika bawa," Uwera aliongeza kwa upole, "lisiingie vumbi."

"Na mzee aliinuka mara moja," Spéciose akakumbuka, "kufuata pilipili."

Gakwaya akapanda mizani. Tisini na mbili.

Walipolikata bawa, tabaka za ndani zilikuwa zimeachana kama chapati. Mzee alizipapasa moja moja, masikio yakimwaka kwa aibu. Mwishowe akaagiza kila bawa jipya liwekwe uzi.

Kisha akamvuta Uwera pembeni. "Kwenye ripoti, utaandika nani?"

Uwera akaandika "mfanyakazi mmoja". Kilo hakuzifuta.