Aliyempokea Ibn Mardasi

Ukitaka kumuudhi Bwanaheri hapa Mji Mkongwe, jirani na Kaole, mwambie tu kwamba Ibn Mardasi alifikia kwa kina Mwinyimvua. Atavimba mpaka kofia imbane. Ibn Mardasi wa Basra, mwandishi wa tarikh, yaani historia, alipita pwani hii zama za kale, na katika kitabu chake, kinachosifiwa mpaka leo, akamtaja mtu wa Kaole aliyempokea nyumbani. Jina hakuliweka. Kitabu chenyewe hakuna aliyekisoma mjini, lakini koo mbili, ya Bwanaheri na ya Mwinyimvua, zilimgombania mwenyeji huyo kufa na kupona. Bwanaheri alikuwa radhi afe maskini, mradi watu wakubali kwamba yule ni babu yake.

Basi Wahida, mwalimu wa chuo kikuu anayekijua kitabu hicho kwa Kiarabu chake, alipokuja asubuhi moja kutoka Dar, Bwanaheri alimdaka palepale kituoni. Akamkalisha barazani kwake, akamwita na Mwinyimvua aje aumbuke.

"Shikamoo, baba," alisema Wahida.

"Marahaba, mwanangu, karibu. Sasa sikiliza. Sisi asili yetu..."

Akaanzia Shirazi. Alipofika Kilwa, mkewe, Bi Kibibi, akachungulia mlangoni. "Baba Abuu, mgeni katoka mbali. Chai tayari, na vitumbua."

"Ngoja kwanza, ndio nafika kwenye utamu!"

Wahida akameza mate. Mwinyimvua akapiga miayo. Bwanaheri akapanda kwa babu wa babu, akashuka kwa wajomba, akarudi tena Kilwa alikomsahau shangazi mmoja. Bi Kibibi akaja tena, akafukuzwa tena. Adhana ya adhuhuri ikamkuta bado anaozesha watu waliokwisha kufa zamani.

"Haya," akamaliza, jasho likimtiririka, "soma sasa, huyu bwana asikie kwa masikio yake."

Wahida akafungua kitabu, akasita. "Baba, ni maneno machache tu."

"Soma, mwanangu, usione haya!"

Akasoma, akifasiri polepole: "'Nilifikia Kaole kwa mtu mwenye uso mkunjufu. Akanihesabia mababu zake tangu asubuhi hadi adhuhuri, wala sikupewa hata maji. Katika safari zangu zote sijaona nasaba ndefu na sinia tupu namna ile.'"

Mwinyimvua akainuka taratibu, akampa Bwanaheri mkono.

"Shehe, nimeshindwa. Yule ni babu yako. Wallahi sina tena ubishi."

Maneno hayo Bwanaheri alikuwa ameyangoja umri wake wote. Sasa yamekuja pamoja na aibu.

"Na kitabu hiki," akauliza kwa sauti ndogo, "kinasomwa wapi na wapi?"

"Dunia nzima, baba."

"Kibibi!" akapiga ukelele. "Lete chai, mama! Lete chai upesi!"

"Imeshapoa," akajibu Bi Kibibi kutoka ndani.