Ukurasa wa Waliotutangulia

Ukipewa kazi ya kupanga majina ya wasomi, omba kwanza upewe mbuzi wa kuchunga. Mbuzi akitanguliwa njiani na mwenzake hanuni. Sekela alilijua hilo siku chache tu baada ya kukubali kutengeneza ukurasa wa waandishi wa Ngoro na Ziwa, jarida la mtandaoni lililoanzishwa na walimu wachache wa Mbinga ili habari za milimani, kwenye mashimo ya kilimo yaitwayo ngoro, na za ufukweni zisifie midomoni mwa wazee. Yeye alikuwa mwalimu wa kompyuta, mzaliwa wa Tukuyu, aliyeletwa Mbinga na serikali na kubakizwa na ndoa. Malipo yake kwa kazi hiyo yalikuwa ahsante, na hata hiyo ilichelewa.

Alianza kwa kufuata alfabeti, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Antoni, kijana mwenye makala moja tu kuhusu kahawa, akatokea juu kabisa. Mzee Nicholaus, mhariri mkuu na afisa elimu mstaafu, akatokea huko chini pamoja na watu wengine. Simu ikalia kutoka shambani kwake, kijijini Ruanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu Sekela, hivi kwenu Tukuyu mtoto hunawa mikono kabla ya babu yake?"

"Hapana mzee. Ni alfabeti tu."

"Basi hiyo alfabeti haijalelewa."

Akapanga upya kwa umri, mwandishi mwenzao Beata akalalamika kwamba ameanikiwa miaka yake mbele ya watu. Akaondoa miaka, akaweka picha, wakamletea picha za enzi za ujana ambazo hata wake zao wasingewatambua. Sekela alicheka peke yake mbele ya kompyuta ya shule. Kucheka kulikuwa kumemwadimikia, na pengine ndiyo sababu kazi hii ya bure aliipenda.

Kisha kikao kikaamua jambo jingine. Jarida likikua litafiwa, akasema Mzee Nicholaus, kwa hiyo chini ya ukurasa itengwe sehemu ya waandishi marehemu, iitwe Waliotutangulia, yenye utepe mweusi pembeni na neno Marehemu mbele ya kila jina. Itengenezwe mapema, wasije wakaanza kuhangaika msibani. Mpaka siku hiyo jarida halikuwa na mwandishi hata mmoja aliyekufa. Au tuseme, halikuwa na aliyezikwa.

Maana alikuwapo Sebastian Xaveri, mume wa Sekela, mwalimu wa jiografia, mwandishi wa makala za upepo na samaki wa ziwa ambazo wasomaji walizipenda kuliko zote. Mwaka juzi, upepo wa mwera, ule wa kusini unaochafua ziwa, ulipokuwa unavuma, alipanda boti Mbamba Bay kwenda kwao Chiwanda kumsalimia mama yake. Boti ilipinduka. Wengine waliokotwa hai, wengine waliokotwa wamekufa, na Sebastian hakuokotwa kwa namna yoyote. Kwao mtu asiyezikwa hajafa. Hakuna aliyeketi tanga, hakuna aliyenyoa nywele, na Sekela hakuitwa mjane wala hakuvaa kama mjane. Mama mkwe wake, Mama Luisa, aliambiwa na muuza usipa mmoja, wale dagaa wa ziwani, kwamba upande wa Msumbiji ameonekana mwanamume anayefanana na Sebastian, amepoteza kumbukumbu, anasaidia watu kutengeneza nyavu. Mama alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Kila Jumapili akitoka misani alimpigia mkwewe.

"Hujasikia neno, mwanangu?"

"Bado, mama. Tuzidi kuomba."

"Tuzidi kuomba."

Basi Sekela akaitengeneza sehemu ya marehemu, na sasa ilibidi aijaribu aone inavyokaa. Aliandika Fulani wa Fulani, mtambo ukakataa, kwa kuwa sehemu ile ilikubali tu waandishi waliokwishasajiliwa. Ilimpasa achague mmoja wao, amtie tiki kwenye kisanduku cha marehemu, atazame, halafu aiondoe. Kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini jaribuni wenyewe kumwita mtu mzima marehemu, hata kwa mchezo, muone kama kidole kitakubali. Kwao Tukuyu huo ni uchuro, na Mbinga ni uchuro vilevile. Mzee Nicholaus alishamwonya kikaoni kwamba jina lake lisijaribiwe huko. Thadei alikuwa amelazwa hospitali, huwezi. Beata alikuwa mjamzito, Mungu apishe mbali. Antoni alikuwa mtoto pekee wa mama yake. Sekela alifikiria kujitia tiki mwenyewe, akaogopa.

Kidole kikashuka hadi kwa Sebastian, na hapo hakikuogopa kitu.

Ukurasa ukafunguka. Marehemu Sebastian Xaveri, utepe mweusi pembeni, picha yake akiwa ameshika samaki mkubwa aina ya mbasa na kucheka. Ilikaa vizuri. Hilo ndilo lililomuumiza Sekela, kwamba ilikaa vizuri, kama kitu kilichorudishwa mahali pake. Kengele ya kipindi ikalia. Angeweza kuiondoa ile tiki papo hapo, ilikuwa ni kugusa mara moja tu, nami sitamtetea. Alitaka ikae kidogo. Alitaka kwa muda wa kipindi kimoja awepo mtu, hata kama ni kompyuta, anayesema lile alilokuwa amelibeba peke yake. Akaenda darasani.

Huko Ruanda, Mzee Nicholaus akaufungua ukurasa kwenye simu yake, akajiona juu kabisa na tai yake, akaridhika mno, wala hakujisumbua kushuka chini. Akautuma kwenye kundi la wasomaji: Ukurasa wetu wa waandishi ndio huo, someni, sambazeni. Watu wakasoma, wakasambaza. Sekela alipotoka darasani alikuta shemeji yake Stephano amempigia mara nyingi. Aliiondoa tiki kwanza, ndipo akampigia.

"Shemeji, pole sana," Stephano akasema. "Tumeona. Mama tumeshamwambia."

"Shemeji, subiri, sikiliza..."

"Mtandao unakatika. Wewe njoo tu, shemeji. Vijana wameanza kuchimba."

Maji yakimwagika hayazoleki. Sekela alipiga tena na tena bila kumpata, akaomba ruhusa, akapanda gari la kuteremka Mbamba Bay, na kutoka hapo akachukua bodaboda hadi Chiwanda. Njia nzima alikuwa akiandaa maneno. Ni jaribio, mama. Ni kosa la mtambo, mama. Kila alilolipanga lilikuwa na ukweli kiasi, na kila moja lilimtia aibu.

Walipoiona pikipiki wanawake walisimama wakaangua kilio. Kisha kilio kikapungua, maana macho yote yalikuwa yanamtazama nyuma yake, barabarani, kutafuta gari lenye jeneza. Hapo ndipo Sekela alipoelewa walichokielewa wao. Nani angethubutu kuandika marehemu kama mwili haujapatikana? Walidhani ameonekana. Kando ya kaburi la baba yake Sebastian udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa, na vijana walikuwa wanafuta jasho.

"Gari liko nyuma?" Stephano akauliza.

"Hakuna gari, shemeji. Hakuna mwili. Hajapatikana."

Stephano akaketi juu ya rundo la udongo. Maneno yakapita toka mdomo hadi mdomo, wengine wakaguna, mwanamke mmoja akasema waziwazi kwamba wageni wa kutoka bara hawana adabu. Katekista Wilfred, mtu mpole, ndiye aliyesema lililokuwa halina budi kusemwa. Kaburi likishachimbwa haliachwi lilale wazi, litamwita mwingine wa ukoo. Asipokuwapo mtu, wazee wa zamani walizika mgomba, wakauvika shuka, wakausomea jina. Lakini ukizika mgomba umemzika mwenye jina. Hakuna atakayemtafuta tena, na akirudi hana pa kurudi. Hilo haliamuliwi na yeyote isipokuwa mama yake.

Wakamwacha Sekela aingie peke yake. Mama Luisa alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kiunoni. Sekela akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamesema hajaonekana."

"Hajaonekana, mama."

"Umeota?"

"Sijaota."

"Kuna mtu amekuletea habari kutoka Msumbiji?"

"Hakuna, mama."

"Basi ulimwandika kwa nini?"

Yale maneno aliyoyapanga njiani yote yakamkimbia. Alimtazama mama huyu aliyekonda mwaka hadi mwaka, akashindwa kumdanganya tena.

"Nilihitaji jina la mtu aliyekufa," akasema.

Mama Luisa hakulia wala hakufoka. Sekela aliomba moyoni apigwe, apewe hata kofi moja, hakupewa.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu siku ile ile ya boti, mama."

"Na Jumapili zote zile ulizoniambia tuzidi kuomba?"

Sekela aliinamisha kichwa, machozi yakaanza kudondoka kwenye mkeka.

"Nilidhani tunasubiri wawili," Mama Luisa akasema. "Nikichoka, najisemea, mwenzangu yuko Mbinga, anasubiri, nami nisubiri. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Akafungua kanga kiunoni akaifunga upya, kwa kuikaza. Kisha akainua sauti, si kubwa, ila ya kusikika nje.

"Stephano."

"Naam, mama."

"Nenda kakate mgomba. Chagua uliolingana naye kimo."