Moto wa Matanga katika Chumba cha Mwisho

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya Butembo kama mgeni asiyejua kuaga. Jua lilikuwa limekataa kutoka, na vioo vya sola juu ya bati la maternité, hospitali ya uzazi, vilikuwa vinakusanya umande tu. Ndani, Eliane, binti wa Muyisa, aliyepasuliwa ili azae, alikuwa anapumua kwa mashine ya oksijeni. Mashine ikizima, pumzi nayo inazima.

Muyisa, sentinelle, mlinzi wa pale, hakuhitaji mtu wa kumweleza hilo. Mke wake Kyakimwa alikufa hivyohivyo katika nyumba hiyohiyo, wakati wa jenereta, siku mafuta yalipopungua na gestionnaire Salomon, msimamizi wa hospitali, akaamuru upande wa wagonjwa ukatwe. Bureau yake yeye, ofisi yake, ilibaki inawaka.

Tangu siku ile Muyisa hajaanua matanga. Kwao moto wa matanga unawaka mpaka jamaa wakae kuuzunguka, waseme kilichomuua mtu, ndipo wauzime na kunyoa nywele. Muyisa alisema: Salomon aje akae kwenye moto, aseme kwa kinywa chake nani alizima. Salomon hakuja. Wakubwa hawakai kwenye moto wa maskini, wanaogopa moshi. Na kwa kuwa walikataza kuni ndani ya parsele, kiwanja cha hospitali, Muyisa aliweka réchaud, jiko dogo la umeme, katika chumba cha mwisho, kile alimofia Kyakimwa, ambacho kilifungwa tangu hapo. Aliiacha inawaka kwa siri.

Sasa jenereta haipo tena. Wameleta mashine ya namna mbili: jua linajaza betri, na nguvu inayobaki inapasua maji kuwa gesi ya kutunza kwenye mitungi. Jua likikosa, sanduku la chuma kule uani linakula gesi ile na kutoa umeme, bila moshi, bila kelele. Linatoa jasho tu, maji safi yanayodondoka ndani ya beseni, kama mtu mwenye homa.

Nadège, enjeniya wa mashine ile, alipanda kutoka Beni kwa pikipiki, kompyuta ameikumbatia kifuani. Humo alikuwa ametengeneza pacha wa mashine. Unamwambia pacha ukungu ni mwingi namna gani, gesi imebaki ngapi, vyombo gani vinawaka. Naye anachora mstari wa namna gesi itakavyoshuka.

"Ona, papa," alimwambia Muyisa uani, kando ya sanduku. "Huu mustari wa buluu ni wa pacha. Anasema gesi itatufikisha mpaka kesho, na ukungu itakuwa imetoka. Huu mwekundu ni mashine yenyewe. Iko inashuka mbio. Itaisha mbele ya asubui."

"Na Eliane?"

Nadège alikwepa macho yake. "Kuko kitu inakunywa courant, hii umeme, humu, na mi sikumwambia pacha."

Salomon, aliyesimama mlangoni mwa bureau yake na kikombe cha chai, akacheka. "Ni hawa masentinelle, banachajiaka matelefone."

"Yangu ni ya tochi, chef. Donc hiyo ndiyo inamaliza gesi?" alijibu Muyisa.

Lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kushtuka. Aliondoka polepole, akafungua chumba cha mwisho, akachomoa waya wa réchaud. Nisamehe kidogo, mama Kyakimwa, alisema kimoyomoyo, nitauwasha moto wako tena jua likitoka.

Aliporudi, Nadège alikuwa anakuna kichwa. "Umezima kitu?"

"Nimezima réchaud, mule chumba ya mwisho."

"Mais hapana. Mustari haikugeuka hata kidogo."

Muyisa akarudi mbio. Waya ulikuwa chini pale alipouacha, umelala kama nyoka aliyeuawa. Réchaud ilikuwa nyekundu. Na kutoka upande wa kitanda kitupu ikaja sauti aliyoijua kuliko sauti ya mtu yeyote aliye hai: pfuu... haa. Pfuu... haa. Mashine ya oksijeni ya zamani. Ile waliyoipeleka hospitali ya Luofu baada ya mazishi.

Alipotokea uani, Nadège alimwita. "Kuya uone mambo ya ajabu. Nilijaribu tu na liste ya vyombo vya zamani. Nimemudanganya pacha: kuko mashine moya ya zamani ya oksijeni, na réchaud moya, mule chumba ya mwisho." Mstari wa buluu ulikuwa umeinama, ukalala juu ya mwekundu, ikawa kitu kimoja. "Lakini papa, mule si hamuna mashine?"

Muyisa alimfuata Salomon penye gari lake, akavua kofia.

"Chef, kuya tukae kidogo mule ndani. Sema neno moya tu. Mama Kyakimwa iko anakungoya."

"Papa Muyisa, pombe ya kasiksi ya asubui haiyatoka kichwani?" Salomon akafunga mlango wa gari. Ukungu ukameza taa zake kabla hajafika barabarani.

Basi Muyisa akalichukua beseni chini ya sanduku, akaingia nalo katika chumba cha mwisho.

"Kyakimwa, bibi yangu. Chef amekataa. Hatakuya, hata tungoye namna gani." Pfuu... haa. "Eliane iko anapumua kwa courant hii yako. Ile siku balikuzima bao, bakubwa. Leo ni mimi."

Akamwaga. Réchaud ikalia, mvuke ukapanda, mweupe, bila harufu. Pumzi ikatoka, ndefu. Nyingine haikufuata. Kimya kikaanguka, kilekile cha siku ile, ila safari hii beseni lilikuwa mikononi mwake.

"Papa!" Nadège alipiga kelele kutoka uani. "Imetulia! Tutafika kesho!"

Muyisa aliketi juu ya vyuma vya kitanda. Alitoa mfukoni wembe aliokuwa anatembea nao tangu mazishi, akaanza kujinyoa kichwa kikavu. Nyuma ya ukuta mashine ya Eliane iliendelea: pfuu... haa. Kila pumzi ilipotoka alisimamisha wembe, akasikiliza kama nyingine itakuja.