Kamba ya Mzee Ubaldo

Nilimfukuza mzee Ubaldo mchana kweupe, mbele ya mama yangu, na nilimfukuza vibaya. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nina watoto sabini na nane, na nikipaza sauti hata walioko kisimani wananyamaza. Sauti hiyohiyo ndiyo niliyomtolea mzee wa watu.

Lakini nyie mngefanyaje? Baba yangu, Masunga Malale, amelala kitandani nyumbani kwetu Kakese, saratani ya ini imemjaza tumbo, macho yamekuwa ya njano. Hospitali ya rufaa kule Mwanza wametuambia tumrudishe nyumbani, wakatupa na chupa ya dawa ya maumivu. Nimeomba ruhusa shuleni Tabora nije kumuuguza. Halafu anaingia Mfipa mmoja na kamba ya katani, hata hodi hajapiga. Anamwekea baba ncha moja kwenye kisigino, anaivuta mpaka utosini, anafunga fundo, anasema, “Lo, Msukuma! Hata kwenye kufa unataka kumaliza ardhi ya watu. Tutakukunja.”

“Toka!” nikasema. “Toka na kamba yako, na usirudi hapa!”

Mzee Ubaldo alikunja kamba, akavaa kofia, akatoka. Baba naye akageukia ukutani. Mama alinitazama tu, akasema, “Haya, mwalimu,” akarudi jikoni.

Nilijua kwamba wale ni watani, nisiseme uongo. Mwaka tuliohamia huku na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga, fahali wa baba aliingia shambani kwa mzee Ubaldo kule Kasokola akamaliza mahindi. Ilikuwa waende kwa mtendaji. Badala yake walisimama palepale shambani wakatukanana tangu asubuhi, mpaka wote wawili wakashindwa kwa kicheko. Kama Mfipa na Msukuma wana utani wa asili au hawana, wao hawakuuliza mtu. Baba akipita kwake anapiga kelele, “Mfipa, leo umemtumia nani radi?” Naye anajibu, “Mla michembe ya viazi, umepotea, zizi liko kule!” Nimekua nikiyasikia hayo. Ila niliona ni ya watu wenye afya zao. Kumuuliza mgonjwa mwenye tumbo lile, “Hiyo mimba unajifungua lini?” kama alivyouliza wiki ya kwanza, mimi niliona ni ukatili.

Basi nikamfukuza, na nyumba ikatulia kama nilivyotaka. Siku mbili baba hakugusa uji. Wageni walikuja, wanakwaya wa kigango wakaja, wanakaa kwenye benchi sura zimewaanguka, wanasema “pole mzee”, halafu wanaliangalia tumbo. Mama mmoja akaniuliza mimi, baba akiwa palepale anasikia, eti bado anatambua watu? Baba yangu mimi! Mtu aliyekuwa anawatambua ng'ombe mia moja na arobaini kwa majina, na mama zao, na bibi zao! Nilimjibu yule mama vibaya vilevile, lakini baba hakugeuka.

Siku ya tatu asubuhi nilimwinua kichwa nimpe maji. Akakisukuma kikombe.

“Ng'wanone,” akasema, maana ndivyo anavyotuita wanawe, “hawa wote wanakuja kuuona ugonjwa. Aliyekuwa anakuja kuniona mimi ni mtu mmoja tu. Na wewe umemfukuza.”

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Niliweka kikombe chini nikaita bodaboda.

Nilimkuta mzee Ubaldo kwake Kasokola, amekaa barazani anabangua karanga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Hakuinua macho.

“Nimekuja kukuomba msamaha. Nakuomba urudi kwa baba.”

“Siwezi,” akasema. “Mwanafunzi akifukuzwa shule anarudi na mzazi. Mimi wangu wote wameshafariki.”

Nikacheka. Nikiwa bado nacheka nikajikuta nalia, tena kile kilio cha kamasi. Mzee aliniacha nimalize. Alipoona nimepata pumzi akasogeza ungo pembeni.

“Ile kamba unajua nani kaniagiza? Yeye mwenyewe. Kaka yake alichimbiwa kaburi fupi, jeneza likakwama, watu wakasimama juani linachimbwa upya. Baba yako anasema yeye ni mrefu, hataki kuwasumbua watu. Sasa angewaambia nyie wanawe? Mngelia mpaka kesho. Akaniambia mimi.” Akaokota karanga moja, akairudisha. “Na usidhani ni kazi rahisi, binti. Nikitoka kwenu nashuka kwenye baiskeli pale darajani, nakaa mpaka macho yakauke, ndiyo nakuja nyumbani.”

Nilimtazama mzee yule na maganda ya karanga mapajani. Miaka yote ile nilimwona mtu wa mdomo tu. Niliona aibu, na nilimpenda palepale.

Mchana ule alikuja. Baba aliisikia kengele ya baiskeli kabla yetu, akageuka kutoka ukutani.

“Hujafa tu?” mzee Ubaldo akauliza akiwa mlangoni. “Nimechoka kukaa na jembe begani.”

“Nilikuwa nakungoja utangulie,” baba akasema, sauti haifiki mbali, “ukanifagilie.”

Akala vijiko saba vya uji. Mama alikwenda kusimama nyuma ya nyumba na khanga mdomoni.

Siku tisa walizobaki nazo walizitumia kutukanana. Mimi nilikaa pembeni na chupa ya dawa, nikimwona baba yangu upya. Maumivu yakimkamata katikati ya tusi, alifumba macho, akainua kidole kimoja tungoje, jasho likimtiririka. Yakipita, anamalizia tusi lake palepale alipoliachia. Hakuwahi kulisahau hata moja. Sijaona mwanamume jasiri namna ile, nalisema hilo nikiwa mwanawe na sioni haya.

Siku ya nane, mzee Ubaldo alipokwisha kuondoka, baba aliniita nikae karibu.

“Siku mtakayonizika, yule Mfipa ataishiwa maneno. Miaka zaidi ya thelathini hajanitukana akakosa jibu. Usimwache hivyo.”

“Baba, mimi siwezi. Nitakuwa nalia.”

“Lia,” akasema. “Halafu mjibu.”

Alifariki kesho yake saa tatu asubuhi, ng'ombe wakitoka zizini, mama amemshika miguu.

Kaburi mzee Ubaldo alilichimba mwenyewe na vijana, kamba ileile mkononi. Tulipofika na jeneza alikuwa bado mle ndani, anapima mara ya mwisho. Aliinyoosha kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Ilitosha, na nafasi ikabaki. Watu wote walikuwa wanalingoja tusi, maana walimjua. Halikuja. Mzee Ubaldo alichuchumaa mle kaburini, ameikumbatia kamba, hapandi. Katekista akakohoa. Vijana wakanyoosha mikono wamvute, hakuiona.

Nilikuwa nimeshikwa na shangazi huku na huku, kamasi zinanitoka. Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Nikafungua tena.

“We Mfipa!”

Ikatoka ile ya darasani. Hata walioko nyuma kabisa walinyamaza.

“Hicho chumba ni cha mtu mmoja! Au umeona ni kizuri kuliko kwako?”

Shangazi akanivuta kitenge. “Lucia! Una wazimu?” Mtu mmoja akaguna. Halafu nikamsikia mama akicheka, mama yangu mjane, na waliokuwa karibu naye wakacheka.

Mzee Ubaldo aliinua uso. Ulikuwa umejaa vumbi na machozi, na mabega yanamtikisika, sikujua kwa kilio au kwa kicheko. Nadhani hata yeye hakujua. Alinitafuta kwa macho katika watu wote wale mpaka akanipata. Kisha akanyoosha kidole juu kama mtoto wa darasa la pili.

“Mwalimu,” akasema, “naomba ruhusa nitoke.”

“Toka,” nikasema. “Na kesho urudi nyumbani. Bila mzazi.”